Je, wajua vumbi la mbao linavyosafisha maji machafu ya kiwandani?

Tia matone mawili ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kwenye glasi ya maji. Ongeza vijiko vichache vya vumbi la mbao lililosuuzwa vizuri, koroga, kisha ondoka kwa saa moja. Ukirudi utakuta maji yamepauka na vumbi ndilo limegeuka zambarau.

Hapa Nakuru maseremala hulifagia vumbi hilo nje ya karakana. Maranda huchukuliwa na wafugaji wa kuku, yanayobaki huishia jikoni.

Wengi hudhani mbao hunyonya rangi kama sponji. Sivyo. Chembe ya mbao ikiwa majini, uso wake hubeba chaji hasi. GV, rangi kadhaa za vitambaa, na metali kama risasi na shaba zikiyeyuka, hubeba chaji chanya. Hasi na chanya huvutana, basi uchafu hunata juu ya chembe na kubaki hapo.

Vumbi bichi lina kasoro yake: hutoa tanini, kemikali ya kahawia iliyomo kwenye mbao, na maji yakawa kama strungi. Umetoa uchafu mmoja, umeleta mwingine. Ndiyo maana hutibiwa kwanza. Huchemshwa na kusuuzwa hadi maji yatoke meupe, au hulowekwa kwenye asidi ya sitriki kisha likaokwa kwa joto la nyuzi 120 hivi, na hapo hupata sehemu nyingi zaidi za kunasia metali. Laweza pia kuchomwa penye hewa haba liwe makaa, kisha likapigwa mvuke mkali unaolitoboa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya makaa hayo yakitengenezwa vizuri, ukiutandaza uso wake wote, huzidi ploti ya futi 50 kwa 100!

Maji ya viwanda vya ngozi yanataka uangalifu zaidi. Kromiamu, metali inayotumika kutengenezea ngozi, ina chaji chanya, lakini ikigeuka kuwa aina yake yenye sumu kali hubeba chaji hasi, na vumbi huinasa vyema maji yakiwa na asidi nyingi. Bila kupima asidi kwanza, unabahatisha.

Kwetu hili ni jambo zito. Ziwa Nakuru, lililo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, tangu 1990, halina mto hata mmoja unaotoka. Maji hupaa kama mvuke, metali haipai. Heri inaswe kiwandani kabla ya kuwafikia heroe wa ziwani.

Na vumbi lililokwisha kunasa kromiamu lisirudi bandani wala jikoni. Likichomwa, kromiamu hiyo yaweza kugeuka ile yenye sumu na kubaki kwenye jivu. Huoshwa ili metali itoke, likatumika tena mara kadhaa, na likichoka huzikwa mahali maalumu pa taka hatari.