Naivasha, mkasi ndio baridi ya mzabibu

Sauvignon Blanc, aina ya zabibu ya mvinyo mweupe, asili yake ni Ufaransa. Kule Sancerre, kando ya mto Loire, baridi huupukutisha mzabibu majani na kuulaza miezi kadhaa, na joto likirudi macho yake, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye matawi, huamka karibu kwa pamoja. Naivasha, Kenya, haifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta. Ukiachwa tu, mzabibu hukaa na majani mwaka mzima, na utakuta maua, zabibu bichi na zabibu mbivu kwenye shina moja. Zabibu za namna hiyo hazitoi mvinyo wa maana. Kwa hiyo ni lazima mkulima aulaze na kuuamsha mwenyewe.

Kwanza punguza maji wiki chache. Kisha pogoa, ukiacha macho mawili kwa kila tawi, na uondoe majani yote yaliyobaki. Ndani ya siku moja au mbili, macho hupakwa sianamidi ya hidrojeni, dawa ya kuyaamsha kwa pamoja. Ukiruka hatua hii, jicho la nchani huchipua kwanza na la chini linaendelea kulala, kisha siku ya mavuno kichala kimoja kimeiva na jirani yake bado mgumu kama kokoto. Dawa yenyewe ni kali: vaa glavu na barakoa, na aliyeishika asiguse pombe kabla ya kazi wala kwa siku kadhaa baadaye, kwa sababu huzuia mwili kuisaga pombe na mtu anaweza kuugua vibaya.

Tangu kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hadi mitano. Mimi hupendelea kupogoa Septemba, ili zabibu ziivie kwenye kiangazi cha Januari na Februari. Gharama yake ni kwamba mvua za vuli huikuta mizabibu katika maua. Chunguza majani kila asubuhi: doa la njano kama tone la mafuta juu ya jani, na chini yake utando mweupe kama pamba, ni ukungu uliokwisha kuingia. Punguza majani yanayozunguka vichala upande wa jua la asubuhi pekee. Ukiyatoa upande wa magharibi, jua la alasiri hubabua maganda yakawa ya kahawia.

Kinachouokoa mvinyo wa Naivasha ni mwinuko. Mita 1,900 hivi juu ya bahari, usiku una baridi ya kutosha kuzuia uchachu wa zabibu usipotee. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi na usiku wa joto, zabibu hiyo hiyo ingekuwa na sukari tele lakini ladha ingelala.

Vuna alfajiri, sukari ikiwa Brix 20 hadi 21 (kipimo cha sukari kwenye juisi), na ukamue kabla jua halijapanda. Juisi ichachuke kwa digrii 14 hadi 16. Mvinyo mkavu ni ule ambao hamira imekula karibu sukari yote, ikabaki chini ya gramu 4 kwa lita. Tazama haidromita, kifaa kinachoelea kupima uzito wa juisi ukilinganishwa na maji: mwanzoni husoma 1.085 hivi, na mvinyo ukikauka huzama hadi 0.995 au chini. Ikigoma kwenye 1.010 siku tatu, hamira imekwama. Mara nyingi tangi limepoa mno, au juisi ilikosa naitrojeni. Pandisha joto hadi digrii 18. Chakula cha hamira chenye naitrojeni nacho kiwekwe mapema, theluthi ya sukari ikiwa imeliwa, maana pombe ikishakuwa nyingi hamira haiwezi kukifyonza.

Ukipata Sauvignon Blanc ya Leleshwa (chapa ya mvinyo wa Kenya, yenye jina la kichaka chenye majani ya kijivu kinachoota Bonde la Ufa), ipoze hadi digrii 8 au 10. Barafu peke yake huchelewa. Changanya na maji ndani ya ndoo, uzamishe chupa hadi shingoni kwa dakika 20. Inaenda vizuri sana na ngege wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Kwenye joto la Kisumu mimina kidogo kidogo, chupa irudi ndooni.