Majedwali mawili ya nukta na mahali mistari inapokutana

Wanafunzi wengi wa sekondari ninaowafundisha hisabati hapa Kigoma hutatua jozi ya milinganyo bila taabu ikiwa imeshaandikwa ubaoni, lakini wakipewa majedwali mawili ya nukta bila mlinganyo wowote, kalamu husimama. Aljebra wanaijua. Kinachowakwamisha ni usomaji wa jedwali, kwa maana hutazama safu ya majibu peke yake na kuisahau safu iliyo ubavuni mwake.

Tuchukue mfano wa mizigo, ambao bei zake nimezitunga kwa ajili ya somo. Mfanyabiashara wa dagaa anataka kupeleka magunia kutoka mwalo wa Kibirizi hadi stesheni ya reli, na wasafirishaji wawili wamempa bei zao:

Guta: magunia 2, shilingi 11,000, magunia 5, shilingi 20,000, magunia 8, shilingi 29,000.

Kirikuu: gunia 1, shilingi 14,000, magunia 4, shilingi 20,000, magunia 9, shilingi 30,000.

Je, ni kwa magunia mangapi gharama za wawili hawa zitalingana? Wapo wanaoiona 20,000 katika majedwali yote mawili na kuidaka papo hapo kuwa ndiyo jibu. Haiwezi kuwa jibu, kwa sababu kwenye guta fedha hiyo inalipia magunia 5 na kwenye kirikuu inalipia magunia 4, ilhali suluhisho linataka nukta nzima iwe moja, magunia na shilingi kwa pamoja.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kwenye guta bei inapanda kwa 9,000 kila mstari, na mwanafunzi huandika kwamba mteremko ni 9,000. Kwenye kirikuu inapanda kwa 6,000, kisha kwa 10,000, naye huhitimisha kwamba nukta hizo hazimo katika mstari mnyoofu. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: badiliko la shilingi halijagawanywa kwa badiliko la magunia. Tukigawanya, guta linatupa 9,000 kwa magunia 3, yaani 3,000 kwa kila gunia, mara zote mbili. Kirikuu inatupa 6,000 kwa magunia 3, halafu 10,000 kwa magunia 5, na kote huko jibu ni 2,000. Uwiano huo kutobadilika ndio ushahidi kwamba jedwali ni la mstari mnyoofu, na ningependa kila mwanafunzi auhakiki kwa nukta zote kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Guta linatoza 11,000 kwa magunia 2, na magunia hayo yenyewe yanachukua 6,000, hivyo 5,000 zinazobaki ni malipo ya kuanzia. Kwa kirikuu, 14,000 ukitoa 2,000 za gunia moja unabaki na 12,000. Tukiyaita magunia x na gharama y, milinganyo yetu ni y = 3,000x + 5,000 na y = 2,000x + 12,000. Tukilinganisha pande za kulia tunapata 1,000x = 7,000, hivyo x ni 7 na y ni 26,000, nukta ambayo haimo katika jedwali lolote kati ya hayo mawili.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha kinachotokea bila kuandika mlinganyo hata mmoja. Jaza jedwali la guta kwa magunia 4: ni 20,000 kutoa 3,000, yaani 17,000. Kirikuu kwa magunia hayo hayo ni 20,000, hivyo guta ni nafuu kwa 3,000. Kila gunia linaloongezeka hupunguza pengo hilo kwa 1,000, kwa kuwa guta linapanda kwa 3,000 na kirikuu kwa 2,000. Pengo la 3,000 litakwisha baada ya magunia 3 zaidi, na 4 kuongeza 3 ni 7. Kutumia mapengo ya namna hii ni jambo la kale: wanahisabati walioandika kwa Kiarabu walikuwa na kanuni ya kupata jibu kutokana na makisio mawili yenye makosa, na Qusta ibn Luqa, wa karne ya 9, aliandika uthibitisho wake kwa jiometri. Hapa kwetu makisio yangekuwa 4, ambapo guta ni nafuu kwa 3,000, na 9, ambapo guta ni ghali kwa 2,000. Zidisha 4 kwa 2,000 na 9 kwa 3,000, jumlisha upate 35,000, kisha gawanya kwa 5,000. Unapata 7 ile ile.

Pengo hilo pia linakuambia lini usihangaike kutafuta jibu. Lisipobadilika, mistari ni sambamba na haikutani kamwe. Likiwa sifuri kwa kila thamani ya x, majedwali yote mawili ni ya mstari mmoja.

Tahadhari moja inahusu majibu yenye desimali. Kama kirikuu ingeanzia 11,400, mistari ingekutana kwenye magunia 6.4, na hilo ni suluhisho sahihi la milinganyo, ingawa hakuna atakayepakia gunia sehemu nne za kumi. Mfanyabiashara anasoma jibu hilo hivi: kwa magunia 6 achukue guta kwa 23,000 badala ya 23,400, na kuanzia magunia 7 achukue kirikuu, atakayoilipa 25,400 wakati guta lingemgharimu 26,000.