Je, Wajua Kwa Nini Resista Moja Ndogo Hubadili Sauti ya Gitaa?

Kijana mmoja anayepiga gitaa la solo alinijia kibandani hapa Chikongola, Mtwara, amebeba amplifaya ya valvu (vile vioo vinavyokuza sauti) aliyoachiwa na baba yake mdogo. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Akafungua mfuniko wa nyuma, akasogeza kidole hadi kwenye resista, kijidude kinachobana umeme, yenye mistari ya kahawia, kijani na nyekundu. Hiyo ni 1.5K, yaani omu 1,500. Lakini kwenye mchoro mwingine alikuwa ameona omu 820, na kwenye wa tatu 2.7K, na valvu ni ile ile, 12AX7. "Sasa fundi, ipi ndiyo sahihi?"

Nilimwambia kwanza atoe kidole. Mashine kama hii ina volti 300 hivi ndani yake, na kapasita kubwa huendelea kuzishikilia hata waya ukishachomolewa ukutani. Tulizimaliza nguvu kwa resista, tukapima kwa testa mpaka zikakaribia sifuri, ndipo tukaongea.

Ukiitazama resista hiyo, huoni inahusikaje na sauti. Ndani ya valvu elektroni hutoka kathodi kwenda anodi, na gridi ni wavu ulio katikati yao. Gitaa linaingia kwenye gridi na kutokea kwenye anodi, ilhali resista yenyewe imekaa chini kabisa, kati ya kathodi na chasisi, yaani bodi ya chuma ya mashine. Kazi yake ni kuipa valvu mahali pa kutulia. Fikiria mtumbwi uliofungwa chini ya gati: juu mbao, chini mchanga. Ukielea katikati, wimbi linaupandisha na kuushusha bila kugusa kitu. Maji yakijaa sana, wimbi dogo tu linaugongesha mbao. Yakipwa sana, unagonga mchanga. Sauti ya gitaa ndilo wimbi. Resista ya kathodi ndiyo inayoamua maji yawe kimo gani.

Inavyofanya hivyo ni jambo ambalo mimi hadi leo naliona zuri mno. Umeme wote unaopita kwenye valvu hauna budi kupita pia kwenye resista hii. Kwa 12AX7 yenye volti 300 na resista ya 100K kwenye anodi, unapita umeme wa karibu miliampia 1. Miliampia 1 ikipita kwenye omu 1,500 inazaa volti 1.5, kwa hiyo kathodi inapanda volti 1.5 juu ya chasisi. Gridi imeshikizwa kwenye chasisi kwa resista ya omu milioni 1, basi yenyewe inabaki sifuri. Ukiipima kutoka kwenye kathodi, gridi iko chini kwa volti 1.5, na gridi ikiwa chini huzibana elektroni zisipite ovyo. Umeme ukizidi, kathodi inapanda, gridi inabana zaidi. Umeme ukipungua, gridi inaachia. Ndiyo maana jioni umeme wa majumbani unapoyumba, hatua hii ya valvu haipotezi mwelekeo kirahisi, inajirekebisha yenyewe.

Ukiweka resista ndogo zaidi, valvu inapitisha umeme mwingi na gridi inakuwa karibu mno na kathodi. Wimbi likipanda kidogo tu, gridi inaanza kunywa umeme na kilele kinabapa. Ukiweka kubwa, valvu inakaa karibu na kuzimika, na wimbi likishuka inakatika kabisa upande mmoja. Amplifaya ya Marshall 2203 imetumia ukatikaji huo kwa makusudi: hatua yake ya pili ya kukuza sauti ina 10K bila kapasita, na mngurumo wanaoupenda wapiga roki unatokana kwa sehemu na hapo. Ile 1.5K iliyozoeleka kwenye amplifaya za Fender iko karibu na katikati. Kwa solo ya dansi, ambapo noti zinafuatana mbio na kila moja lazima isikike, mimi huanzia hapo.

Na ile 820? Hapo wengi wanapotea. Kioo kimoja cha 12AX7 kina valvu mbili ndani. Kwenye Marshall JTM45, nusu zote mbili za valvu ya kwanza zinatumia resista moja ya 820. Kila nusu inaleta umeme wake, hivyo kwa kila moja ni kama ina omu 1,640 peke yake, karibu sawa na 1.5K. Ukiinakili 820 ukaiweka kwenye nusu moja, umejenga kitu kingine kabisa.

Resista hii pia ina mwenzake, kapasita iliyofungwa sambamba nayo. Bila kapasita, kathodi inayumba pamoja na sauti na kuila, na ukuzaji unashuka kutoka mara 60 hivi hadi mara 30 hivi. Mikrofaradi 25 inaurudisha wote, besi ikiwemo. Mikrofaradi 0.68 pamoja na 2.7K, kama Marshall walivyozoea, inarudisha zaidi sauti za juu na kuiacha besi nyuma, na solo inapenya katikati ya ngoma.

Baada ya maelezo hayo kijana alitaka kusikia. Niliitoa resista yake, nikaweka ya omu 470 iliyofuatana na volyumu (resista ya kuzungusha) ya 5K, nikazitoa nyaya zake nje ya chasisi na kufunga mfuniko. Akapiga kipande cha chemko, ile sehemu ya mbio ya wimbo wa dansi, nami nikizungusha taratibu. Kutoka 1.5K hadi 1.8K hatukusikia tofauti ya maana. Mbele zaidi sauti ilianza kukauka, na mahali fulani akasema, "Hapo hapo fundi, usiguse." Tukazima, tukasubiri kapasita zimalize nguvu, nikapima: omu 2,250. Resista ya karibu dukani ni 2.2K, nikaichomelea. Mistari yake ni nyekundu, nyekundu, nyekundu.