Kayaki Haina Injini, na Mamba Hana Pia

Bango jipya limepachikwa kwenye njia ya kwenda bwawa la Bujagali, Mto Nile, Uganda: kayaki mbili (mitumbwi myembamba ya kasia), jua linazama, na maneno "Haina injini, haisumbui wanyama". Hoja hiyo nimeisikia kwa wenye hoteli, kwa waongoza wageni, kwa wanafunzi wa utalii, na juzi kwa ofisa ambaye ndiyo kazi yake kujua. Naandika kwa sababu kwa mdomo nimechoka.

Mashua ya injini kwenye bwawa hili hupita mkondo wa kati, maana nahodha anaogopa magugu maji yasimkabe propela. Inasikika kutoka mbali, inapita njia ileile kwa saa zilezile, na mnandi, ndege mvuvi, aliyekaa juu ya mti mkavu ameshaijua. Kayaki inaelea hata kwenye maji ya magoti. Inaingia kwenye mafunjo, inazunguka nyuma ya kisiwa, kisha inachomoza kwenye kona kimyakimya, hatua chache kutoka kwenye kiota. Mamba naye hana injini, na ndege hawajawahi kumwona rafiki kwa sababu hiyo.

Siwatetei wenye injini. Mawimbi yao yanalowesha viota vya chini, mafuta yanavuja, na wengine wanaendesha kama wamefumaniwa. Lakini swali la kwanza ni umekwenda wapi, saa ngapi, na umekaa muda gani. Kelele inafuata baadaye.

Hapo ndipo kijana mwenye kasia huniambia: "Madam, lakini hawajaruka! Wametuzoea."

Kuruka ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla ya hapo ndege ameacha kuchambua manyoya, shingo imenyooka, kichwa kinageuka huku na huku, anasogeasogea kwenye tawi, anakunya (wageni hucheka hapo, wakidhani ni bahati mbaya). Ukiona hayo umeshasogea mno. Tena asiyeruka huenda hana namna. Anayeatamia akiondoka, jua linachoma mayai, na kunguru, mwewe au kenge hawahitaji muda mrefu. Ndege mbizi aliyetoka kuvua samaki manyoya yamemloa, hana kinga kama ya bata. Amekaa na mabawa wazi akijianika, na kuruka katika hali hiyo ni kazi nzito. Watafiti wa pengwini waliwahi kuweka kwenye viota mayai bandia yenye vipima mapigo ya moyo: ndege ametulia kabisa kwa macho ya mtu, kumbe moyo unakwenda mbio.

Halafu hilo neno "wametuzoea". Unaowaona wamekuzoea ni wale waliobaki. Wenye woga walihama ulipoanza kupita hapo, na hawamo kwenye picha zako. Wapo wanaozoea kweli: yangeyange na mdiria wa gatini hawajali hata redio. Usichukue tabia ya yangeyange wa gatini ukamvika mnandi mwenye makinda.

Mimi nawaambia waongozaji wakae mita 50 kutoka kwa ndege. Namba hiyo nusu ni sayansi, nusu ni kupatana bei. Ndege yuleyule humvumilia mvuvi wa mtumbwi anayepita karibu zaidi, kisha akakimbia kundi la majaketi ya rangi ya chungwa linalocheka likiwa mbali mara mbili. Kwa hiyo ukisahau mita, kumbuka hivi: pita ubavuni, usimwelekezee pua ya kayaki, usisimame.

Historia kwa ufupi. Bwawa lilijaa 2011 likameza maporomoko ya Bujagali, na mtambo wa megawati 250 ukafunguliwa rasmi 2012. Raftingi (kushuka mto kwa boti za mpira) ikahamia chini, kwenye maporomoko ya Kalagala na Itanda, eneo ambalo serikali iliafikiana na Benki ya Dunia lihifadhiwe kufidia kilichozama. Bwawa la Isimba lilizinduliwa 2019 chini zaidi ya hapo. Hasira ya mabwawa naiweka akiba. Waliopata hasara ni ndege wanaotaga kwenye miamba ya maji ya kasi. Wapenda maji tulivu wakaneemeka, na watu wa kayaki pia.

Sheria nayo? Kanuni za mazingira za 2000 zinalinda mita 100 za ukingo wa Nile, zikipimwa kuelekea nchi kavu. Ndege wangu wanasumbuliwa kutoka upande wa maji.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi. Maji ya bwawa hupanda na kushuka kufuata mahitaji ya umeme, tofauti ikifika hadi mita 2. Kiota cha mafunjoni kinaweza kuzama bila mtu yeyote kushika kasia. Kuna siku nahisi nagombana na watu wa kayaki kwa sababu wao ndio wanaopokea simu yangu.

Kisiwa kikifungwa wakati wa kuzaa, kifungwe kwa wote. Kumfukuza mvuvi aliyetega nyavu hapo tangu kabla ya ukuta kujengwa, huku mgeni anayelipa dola anapitishwa, mimi sitetei. Mafunjoni kwenyewe huwa silumbani: habari za makinda haziwagusi wageni, lakini nikitaja konokono wa kichocho, wanaopenda maji yaliyotuama yenye majani, kayaki zinageuka zenyewe.

Gumu zaidi ni jioni. Safari ya machweo ndiyo inayouzika, na saa hiyohiyo minandi na yangeyange wanarudi kwenye miti yao ya kulala. Ukiwatimua giza likiingia, wanazunguka hewani wakitafuta pa kutua. Siwaombi wenye hoteli wafute safari. Nawaomba wakae upande wa Jinja, mashariki, watazame Buikwe ng'ambo. Jua linazama hukohuko, visiwa vinabaki mbele ya wageni, na ndege wanaingia mmoja mmoja bila kubughudhiwa. Mgeni akitaka picha ya karibu, anunue lenzi.