Kichaka cha zambarau kwenye boti yako si mwani

Tangu Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lipitishe mwongozo mpya wa viumbe wanaoota kwenye vyombo vya majini, Julai 2023, swali tunaloulizwa na wenye boti ni lile lile: "Huu mwani wa zambarau tuuondoeje?" Si mwani. Ni koloni la wanyama, yaani wanyama wengi wadogo walioungana, aitwaye Bugula neritina. Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, mwaka 1758 alimwingiza kwenye jenasi Sertularia, kundi la "wanyama-mimea". Leo yumo kwenye faila (kundi kuu) Bryozoa, wanyama wadogo wa majini waishio kwa koloni, ngeli Gymnolaemata, oda Cheilostomatida, familia Bugulidae.

Kata tawi la sentimita 2, liweke kwenye kisahani chenye maji ya bahari, utazame kwa lenzi. Utaona visanduku vilivyopangwa safu mbili, kila kimoja hakifiki milimita 1. Kila kisanduku ni mnyama. Kuta zina chokaa kidogo. Uso wa mbele ni utando laini. Misuli ikiuvuta utando ndani, shinikizo la maji ya mwilini husukuma nje taji la minyiri (vikono vyembamba laini) inayochuja chakula. Utumbo umepinda kama herufi U, na tundu la haja liko nje ya taji.

Kumtofautisha na jamaa zake, tafuta visivyokuwepo: hana miiba, wala vidude vyenye umbo la kichwa cha ndege vinavyobana wadudu. Pembe ya nje ya kisanduku imechongoka.

Vidonge vyeupe kwenye matawi, ambavyo wengine huviita mayai ya konokono, ni vifuko vya kulelea viluwiluwi, yaani watoto wachanga wa mnyama huyu. Ukikwangua chombo kikiwa majini, viluwiluwi huachiwa, na ndani ya saa chache hushika gati au chombo cha jirani. Rangi yenye shaba, inayopakwa kuzuia viumbe wasiote, pekee haitoshi, kwani anaivumilia shaba. Pandisha chombo nchi kavu, kwangua, kusanya taka zote, zisirudi baharini.

Ukitaka kuhifadhi sampuli ili itambuliwe: piga picha kwanza, kisha tia kwenye ethanoli ya asilimia 95, si formalini, maana formalini huharibu DNA (chembe za urithi). Andika mahali na tarehe kwa penseli kwenye karatasi iliyomo ndani ya chupa. Wino hufutika.

Wanaoelekea New Zealand wakumbuke: kanuni ya huko kuhusu viumbe wanaoota kwenye vyombo inatumika tangu Mei 2018. Chombo kitakachokaa siku 21 au zaidi kisafishwe ndani ya siku 30 kabla ya kufika, isipokuwa kama mwenye chombo ana rekodi za matunzo ya mara kwa mara. Kikikutwa na viumbe walioota, kinaweza kuamriwa kusafishwa au kuondoka, kwa gharama ya mwenyewe.