Kwa Nini Sanamu ya Mto Nile Imefunikwa Kichwa Katika Piazza Navona

Wageni wa Piazza Navona, uwanja wa Roma ambao hadi leo una umbo la kiwanja cha michezo cha Kaisari Domitian, husimuliwa kwamba katika Chemchemi ya Mito Minne mchongaji Bernini aliifunika kichwa kwa kitambaa sanamu ya mtu inayowakilisha Nile ili isilitazame kanisa la Sant'Agnese, kazi ya hasimu wake, msanifu majengo Borromini. Simulizi hilo, japo linapendeza, linavunjwa na tarehe zenyewe: chemchemi ilizinduliwa mwaka 1651, ilhali ujenzi wa kanisa la sasa ulianza 1652, naye Borromini akakabidhiwa kazi hiyo 1653. Kitambaa kile kinaashiria kwamba Wazungu wa zama hizo hawakujua chanzo cha Nile, mto ambao watu wa Jinja huuona ukitoka Ziwa Viktoria.