Dirisha la Vioo Viwili Likizeeka: Lipi la Kutengeneza, Lipi la Kung'oa

Kwa aliyezoea madirisha ya Tanga au Mombasa, ambayo kazi yake ni kupitisha upepo, dirisha la Minneapolis, mji wa Marekani wenye baridi kali, ni kiumbe kingine: vioo viwili vimeunganishwa kingoni, na nafasi iliyo kati yake imezibwa kabisa ikiwa na hewa kavu au gesi ya agoni, ili joto la nyumba lisitoroke. Likizeeka, husemwa mengi, hasa na wauza madirisha.

Dhana potofu: Kioo kikifanya ukungu, dirisha limekufa.

Ukweli: Hutegemea ukungu umekaa wapi. Upitishe kidole kwa ndani. Ukifutika, kosa ni unyevu wa mapishi, wa kuoga na wa nguo zinazoanikwa sebuleni, na dawa yake ni kuwasha feni za jikoni na bafuni. Umande wa nje alfajiri ya Oktoba ni dalili njema, kwani kioo cha nje kimebaki baridi kwa kuwa joto la ndani halikifikii. Ukungu usiofutika kwa ndani wala kwa nje ndio unaoonyesha kwamba gundi ya kingo imeachia, na kwamba chembe za kunyonya unyevu, zilizofichwa ndani ya ukanda unaotenganisha vioo, zimeshiba maji.

Dhana potofu: Gundi ikiachia, dirisha zima ling'olewe.

Ukweli: Fremu ikiwa nzima, fundi vioo hupima upana, urefu na unene, akaagiza vioo vipya vilivyokwisha kuunganishwa na kuvipachika katika fremu ileile, kwa bei ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya dirisha jipya. Kabla ya kumlipa, chungulia maandishi madogo yaliyo juu ya ukanda ule: mara nyingi hutaja kiwanda na mwaka, na pengine dhamana bado inaishi. Wapo wanaotoboa kioo ili kukikausha. Ukungu huondoka, lakini gesi hairudi, na madoa meupe yaliyokwisha kukila kioo hubaki palepale. Mimi singeilipia kazi hiyo.

Dhana potofu: Baridi ya chumbani inapitia kwenye kioo chenye ukungu.

Ukweli: Mara nyingi inapenya pembeni. Siku ya upepo, washa kijiti cha udi na ukizungushe polepole kandokando ya dirisha. Pale moshi unapoyumba, raba imekauka au komeo halikazi, na vyote viwili hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Dhana potofu: Madirisha mapya hujilipa haraka.

Ukweli: Kioo kimoja hupoteza takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Vioo viwili vya kawaida, takriban 2.8, vipya vyenye agoni na utando mwembamba wa metali, takriban 1.2. Hatua kubwa ilikwisha kupigwa zamani, kwa hiyo anayetoka kwenye vioo viwili asitarajie nafuu ya anayetoka kwenye kimoja.

Kung'oa ni haki pale fremu ilipopinda hata dirisha halifungi, au bisibisi inapozama katika mbao ya kizingiti kama kisu katika papai bivu.